Mtamba Aliyekatwa Sikio Mara Mbili

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana kimeshatajwa vya kutosha. Kipo mpakani, Simiyu inapoishia na Mara inapoanzia, na sisi tuliokulia Bariadi tulikitumia kueleza kila kisichoelezeka. Kuku akipotea, kaenda kule. Sufuria likitoweka msibani, limeenda kule, hata kama kila mtu amemwona jirani akiondoka nalo chini ya kanga.

Wasichana wamejaa mkoa mzima, mdogo wangu wa kiume akaenda kumpenda wa kule.

Nilipinga. Mimi ni mwalimu, ni dada mkubwa, na tangu mama afariki kazi ya kupinga mambo nyumbani kwetu ni yangu. Shida ni kwamba yule binti, aliyekuwa na cherehani yake pale mjini, alikuwa na adabu kutuzidi sisi sote, kwa hiyo sikuwa na hoja ila kijiji. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema asipomwoa huyo haoi tena. Alikuwa na miaka thelathini na sita na upara umeanza kuchungulia. Nikaona huyu tukimkosesha, tutamlea mpaka azeeke.

Ng'ombe wa mahari walitangulia kwa miguu na binamu zetu. Sisi tulifuata na gari la kukodi: mimi, mdogo wangu, na baba yetu mdogo, ambaye ndiye aliyekusanya ng'ombe na ndiye msemaji wa ukoo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufanikiwa kumnyamazisha. Shangazi alinipa chupa ya mafuta ya maombi na onyo kwamba nisile kitu huko. Hereni na saa niliviacha nyumbani. Baba mdogo aliificha simu yake ndani ya soksi, akachechemea siku nzima, na wenyeji wakampa pole ya mguu.

Tulipokelewa vizuri mno, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. "Mwangaluka, mayu," wakanisalimu akina mama kwa Kisukuma, wakanipa kiti na sahani ya matobolwa, vile viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Onyo la shangazi lilidumu kama dakika tano.

Baba wa binti alikuwa mzee mfupi, mkimya, aliyevaa koti la suti na katambuga za tairi. Alikwenda moja kwa moja zizini kuwakagua ng'ombe, akawapitia mmoja mmoja, akishika sikio la kila mmoja kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa. Kwa mtamba mmoja wa kijivu akasimama. Akalishika sikio muda mrefu.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Mnadani," baba mdogo akajibu, haraka kuliko ilivyohitajika.

"Mnada gani unauza ng'ombe ya kidonda kibichi?" Kisha akaniita. "Mwalimu, njoo uone."

Nikaona. Sikio lilikuwa na mkato mpya, na ndani ya mkato ule, ukitazama vizuri, ilibaki pembe ya mkato wa zamani. Mtu alikuwa amekata alama yake juu ya alama ya mwenzake.

"Imeibwa hii, mayu," mzee akasema.

Nilicheka. Nisiseme uongo, nilicheka mpaka nikashika boma la zizi. Tumesafiri na simu kwenye soksi kuwakimbia wezi, kumbe mali ya wizi tumeibeba sisi, tumewapelekea, na wezi wameikataa. Baba mdogo ikabidi aseme ukweli. Alimnunua barabarani, kabla ya kufika mnadani, kwa mtu mwenye haraka aliyesema ana mgonjwa. Karatasi hakuomba, kwa huruma.

Ndipo nilipomwona mdogo wangu. Alikuwa amekaa chini, kwenye samadi, na suruali yake mpya. Kicheko kikaniishia hapo hapo.

Mzee hakupandisha sauti. Alinieleza mimi, kana kwamba wale wanaume wawili wameshaondoka. Ng'ombe akiibwa, alisema, sungusungu, walinzi wa vijiji, hufuata nyayo. Kijiji zilimoingia kinatakiwa kionyeshe zilikoelekea, na kikishindwa kinalipa ng'ombe.

"Sasa hapa kwetu ndiyo njia ya mto. Mwizi wa wapi na wapi, lazima apite hapa. Nyayo zikifika mtoni zinapotea kwenye mchanga, na ng'ambo ni mkoa wa watu wengine. Tutazionyesha wapi? Tunalipa. Na tukilipa, huko mjini mnasemaje?"

Tunasema asiyeiba halipi. Nimeshalisema hilo hata darasani, mbele ya watoto, nikifundisha uraia.

"Nyayo za ng'ombe hii zipo hapa, na mmezileta ninyi," akaendelea. Alama ile ya zamani aliijua: ilikuwa ya ukoo mmoja wa kijiji tulichokipita tukija. "Irudi kwa mwenyewe leo, na isemwe ilikotoka. Ikisemwa vingine, binti yangu haji kwenu. Na mwalimu ndiye aseme. Hawa wakisema haitaandikwa kwenye daftari la sungusungu."

Basi tukatembea. Mdogo wangu mbele na kamba, mtamba katikati, mimi nyuma na viatu vya sherehe, baba mdogo akichechemea mwisho. Ni mwendo wa saa mbili kati ya mashamba ya pamba, na kila tuliyekutana naye alitazama tulikotoka kabla ya kututazama sisi. Mama mmoja aliacha palizi akaja mpaka njiani.

"Mmetoka kule? Mmeipata? Poleni. Watu wale."

"Asante, mama," baba mdogo akamjibu, kwa unyonge wa mtu aliyeibiwa. Nilitamani kumpiga na kiatu.

Kamanda wa sungusungu tulimkuta kwenye banda la mashine ya kusaga, na daftari mapajani. Mwenye ng'ombe akaitwa, mzee mwembamba. Alimshika mtamba shingoni, akaanza kumpapasa lile sikio, akilia bila kujificha. Kamanda akafungua ukurasa na kuanza kuandika kabla hatujakaa.

"Nyayo zimetoka kule, sivyo? Ninyi mmetusaidia tu kumleta. Mbarikiwe. Wale tutawafuata walipe."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Sikuhitaji hata kusema uongo. Ningenyamaza tu, ukoo wetu ungerudi Bariadi na heshima yake, na kijiji kile kingelipa, kwani si kimezoea? Nakiri nilinyamaza muda mrefu kuliko unavyompasa mwalimu. Mdogo wangu hakunitazama. Alikuwa amekaza macho kwenye ile kalamu.

"Kamanda, kata huo mstari," nikasema. "Ng'ombe katoka kwetu. Tulimnunua sisi, njiani, bila kuuliza. Wale wa kule ndio waliomgundua, na ndio wamemrudisha."

"Wamerudisha?"

"Wamerudisha."

Akanitazama, akaitazama karatasi. Akasema tangu ashike daftari hajawahi kukiandika kijiji kile upande wa wanaorudisha. Akaandika polepole. Kisha akamgeukia baba mdogo, na yaliyompata baba mdogo ni kwamba alichinja dume la faini kwa ajili ya sungusungu, wakala wakashiba, na yeye hakunisalimia mpaka siku ya harusi.

Lakini kabla ya harusi tulirudi kule, wiki iliyofuata, na mtamba mwingine mwenye masikio safi. Mzee alimtazama mara moja tu. Hakuuliza habari za faini, wala siku ya kumchukua binti yake. Alinivuta pembeni.

"Walisoma, mwalimu? Kile kilichoandikwa, walikisoma mbele ya watu?"

Nikamwambia walisoma. Akafumba macho kidogo, akatikisa kichwa. "Wabeja," akanishukuru, "wabeja sana," akageukia ng'ombe.

Siku ile kwenye banda la mashine tulikuwa sisi, kamanda, mwenye ng'ombe, na mwenye mashine, ambaye alikuwa amelala juu ya magunia. Hakuna aliyesoma chochote.