Pikapu Yangu na Turubai la Msiba wa Bi Somoe

Anayebisha aje Nandagala aione pikapu yenyewe. Ipo uani, nyeupe, bodi haina kutu. Mimi si mtu wa hadithi. Nimeishia darasa la nne, na kila nilicho nacho nimekitoa kwenye ufuta na korosho kwa mikono hii. Sasa nikudanganye ili nipate nini?

Kwanza ujue kwamba Ruangwa nzima hakuna anayelaza gari nje masika yote likatoka salama kama mimi. Wenzangu mvua zikiisha wanaita fundi kutoka Nachingwea. Mimi natia ufunguo, inanguruma. Siri ni kazi. Barabara zikishageuka tope, naipandisha juu ya magogo tairi zisikae majini. Betri naichomoa, inalala chumbani kwangu kama mgeni wa heshima. Tangi nalijaza dizeli mpaka juu, maana ukiliacha nusu, maji yanajitengeneza humo humo. Bomba la moshi naliziba kwa tambara panya wasihamie. Kisha juu ya vyote, turubai. Langu ni zito, la lori, kijiji kizima hakuna mfano wake.

Hilo turubai ndilo lililoniponza.

Mwaka huo mvua zilichelewa, turubai bado lipo stoo, akafariki jirani yangu Bi Somoe, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza vitumbua njia panda. Wanawe wakaja kuliazima liwafunike wafiwa uani. Nikatoa, mimi si mchoyo. Na huku kwetu kinachotandwa msibani hakishuki mpaka siku ya tatu, kisomo kisomwe, tanga lianuliwe. Hata mtoto anajua. Lakini siku ya pili, mchana, mawingu yakajikusanya upande wa Chunyu, meusi tititi. Nikaikumbuka pikapu yangu, kichwa wazi. Nikaenda kulidai.

"Kaka, tuachie mpaka kesho tu," akaniambia Hadija, binti mkubwa wa marehemu. "Tukimaliza kisomo tunakuletea wenyewe."

"Mvua inangoja kisomo? Nyie mna baraza. Gari langu lina nini?"

Mzee mmoja aliyekaa mkekani akasema bila kunitazama, "Mwacheni jamani. Msiba wa gari ni mzito."

Watu wakacheka, msibani pale pale! Acha wacheke, nikasema moyoni, hawana gari hao. Nikafungua kamba, nikaondoka nalo begani.

Mvua ilipiga usiku kucha. Kulipokucha nikatoka kukagua. Kamba zimekaza vilevile, kwa mafundo yangu, ambayo hakuna mkono mwingine unaoyajua. Nikainua pembe ya turubai. Niamini ninachokwambia: kioo cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu kwa ndani, kama cha gari lililobeba watu. Milango nimeifunga mwenyewe, ufunguo ninao mfukoni. Nani anapumua humo?

Wengine wangekimbia. Mimi nikafungua mlango.

Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye siti, mikono mapajani, na kanga yake ya kila siku. Mkavu kabisa. Na mimi nilikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea!

"Funga mlango, baba," akasema, sauti ile ile ya njia panda. "Maji yanaingia."

Nikamjibu, maana ulimi wangu haujawahi kunikimbia. "Bibi, hili gari langu."

"Najua. Na turubai ni lako. Lilikuwa kwenye msiba wangu, umelileta huku, nami nimelifuata. Ulitaka nikae wapi?" Akageuza uso kuelekea kwake. "Wanangu wamelowa."

Basi. Angetoa macho mekundu ningejua la kufanya. Yeye alitulia tu, kama abiria asiye na haraka, nami nikaona wazi kwamba hashuki. Fikiria mwenyewe: gari la biashara lina marehemu kiti cha mbele, nani atapakia ufuta wake?

Nikafungua mafundo yote, nikalibeba turubai kwenye mvua mpaka kwao. Niliwakuta wamebanana barazani, mikeka imelowa chapachapa, kisomo kimekwama. Nikapanda juu ya paa mwenyewe kulifunga, kisha nikaomba radhi mbele ya watu, jambo nisilolizoea.

"Kaka, na gari je?" Hadija akauliza.

"Gari ni chuma," nikamwambia.

Nikaketi nao mpaka tanga lilipoanuliwa jioni. Niliporudi, siti ilikuwa tupu.

Mvua zilipokwisha nikairudishia betri, ikawaka mara moja. Bado bingwa ni mimi. Lakini tangu hapo ina jambo lake. Kuna asubuhi haiwaki. Betri nzima, dizeli ipo, kimya. Fundi wa Nachingwea kaifungua mara mbili, kaishia kukuna kichwa. Mke wangu ndiye aliyegundua: siku isiyowaka, kuna mtu amefariki, iwe Malolo, iwe Chunyu, na habari haijatufikia. Nikipakia turubai, inawaka. Naendesha polepole mpaka nisikie kilio, nashuka, nalitanda, wala singoji kuombwa. Watu wanaulizana nani kaniambia.

Wewe mwenye gari la kulala nje, fanya yote niliyokueleza, hutajuta. Ila turubai likishatandwa juu ya wafiwa, liache mpaka wakuambie chukua, hata mvua inyeshe ya mawe. Mimi nimeshazoea, wewe hutaweza. Na hata mimi kuna asubuhi moja ninayoiogopa: nitakayopakia turubai, nitie ufunguo, na pikapu isikubali kutoka uani kwangu.