Badali ya Maalim Faki

Usiku ule nililala mapema, magoti yamepakwa mafuta ya karafuu, nikimshukuru Mungu hata kwa uchovu. Lilibaki juma moja nishiriki mashindano yangu ya kwanza: kuogelea ziwani, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia, mfululizo, siku nzima. Binti yangu Rukia, ndiye anayenifundisha, aliniambia jioni, "Baba, leo nusu umeogelea, nusu umekunywa." Niliitazama fulana aliyonitarizia mgongoni: Badali ya Maalim Faki.

Maalim Faki alinisomesha Kurani utotoni. Kisukari kilimpotezea miguu yote miwili, akafa akiutazama mlango. Nikanuia kumfanyia safari hii kama watu wanavyomhijia marehemu hija ya badali, kila hatua iwe yake.

Usingizini nikamwona. Niko ziwani, maji yametulia, naye ameketi juu ya maji kama aliyeketi mkekani, bakora mapajani. Nikafurahi mno.

"Shikamoo, Maalim."

"Utashika nini?"

Natazama. Chini ya magoti hamna kitu, kanzu imelala bapa juu ya maji. Akacheka. Katika uhai wake sikumsikia akimcheka mtu.

Bakora ikanigusa utosini, nikazama. Nilipoibuka akauliza, "Hatua hiyo ya nani?"

"Yako, Maalim."

Akanizamisha tena. "Na hiyo?"

"Yako."

Maji yananiingia puani, yana ladha ya tope, naye anauliza kwa upole uleule aliokuwa akiulizia herufi.

Mara ziwa ni barabara ya lami, napanda kilima kwa baiskeli, na Maalim yuko nyuma yangu kwenye keria, mzito kama gunia la mchanga mbichi. Mapaja yanaungua. Nasimama juu ya pedeli, baiskeli haisogei.

"Mbona polepole? Si ulisema unanibeba?"

Nikaiangusha baiskeli, nikaanza kukimbia, na hapo ninapokimbilia ni chuoni kwake, wenzangu wa utotoni wameketi safu kwa safu, wote bado wadogo. Mimi peke yangu ni mzee, nimelowa, nahema mbele yao.

Maalim akawauliza swali lake la zamani. "Nani anaruhusiwa kumhijia marehemu?"

"Aliyekwisha kuhiji mwenyewe," wakaitika kwa pamoja.

"Na huyu, amekwisha kumaliza safari yake?"

"Bado, Maalim. Anakunywa maji."

Wakacheka hadi mikeka ikatikisika. Hukumu hiyo nimeisomesha msikitini maisha yangu yote. Nikainamisha kichwa.

"Nilitaka kukupa miguu," nikasema.

"Umekuja kunionyesha miguu." Hakupaza sauti. "Ukizama, watu watasema amezama wa Maalim Faki. Ukifika, watakaopigiwa makofi ni nyinyi wawili, wewe na magoti yako. Mimi nimepata nini?"

Nikamwomba radhi, nikainama nimbusu mkono. Akaurudisha ndani ya kanzu.

"Usiingie tena majini na jina langu," akasema. "Nenda kaogope kwa jina lako."

Nikaamka adhana ya alfajiri ikiadhiniwa. Mikono yangu ilikuwa imekamata ncha ya shuka chini kabisa ya kitanda, kama mtu aliyeshika miguu ya mwingine.

Niliswali, nikamwombea Maalim dua ndefu, kwa kuwa hiyo humfikia. Kisha nikachukua wembe, nikaketi barazani nikifumua herufi moja baada ya nyingine. Rukia alikuwa akijaza upepo magurudumu. Akanitazama mpaka jina lote likawa nyuzi mapajani mwangu.

"Sasa tuandike nini, Baba?"

"Acha hivyo hivyo."

Tukateremka ziwani. Nikaivaa ile fulana, mgongoni imejaa vitundu vya sindano, upepo ukipita ndani yake. Maji yalikuwa baridi, na woga wote ulikuwa wangu. Nikasema bismillahi, nikaingia.