Zamu ya Tangi la Samaki

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, na nalisema mwenyewe kabla hujasimuliwa na majirani. Mume wangu alipooa mke wa pili, kitanda cha bi harusi nilikitandika kwa mikono yangu, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mkubwa. Moyo mkubwa wapi! Nilitaka kujua godoro lake lina unene gani.

Tunaishi nyumba moja hapa Malindi, nyumba ya zamani ya kuta nene. Mimi nina sebule na chumba changu, mke mwenzangu ana sebule na chumba chake, na katikati yetu pana ukumbi mwembamba. Zamu zetu ni siku mbili mbili, na siku huanza magharibi. Bwana akitoka msikitini huingia moja kwa moja kwa mwenye zamu. Miaka minne kanuni hiyo haikuvunjwa, mpaka lilipokuja tangi la samaki.

Mume wangu ni fundi wa pampu za maji. Mtaliano mmoja aliyemfanyia kazi muda mrefu alikuwa akifunga nyumba arudi kwao, akamwachia tangi la kioo, refu karibu sawa na kitanda cha mtu mmoja. Lilibebwa na wanaume sita. Mlango wangu ndio wa kwanza ukiingia, na wabebaji walichokea hapo hapo, basi likatuliwa sebuleni kwangu. Likajazwa maji, wakatiwa samaki wekundu na mmoja mweupe mwenye mapezi marefu. Mke mwenzangu akaja kutazama, akasema, "Hongera, Bi Mkubwa." Nikamjibu, "Zetu sote." Nilijua, na yeye alijua, kuwa hazikuwa zetu sote.

Kuanzia siku hiyo mume wangu akawa kila magharibi anapita kwangu, iwe zamu yangu isiwe zamu yangu. Eti anawaangalia samaki. Anavuta kiti, anawatupia chakula, anashikashika mipira ya pampu, na nusu saa inakuwa saa nzima. Nami sikulala. Siku za mwenzangu ndipo nilipojifukiza udi na kuchemsha kahawa ya tangawizi. Upande wa pili nasikia sufuria zikitua kwa kishindo, wali unapoa, mtu anakohoa bila kikohozi, na mimi roho kwatu. Hiyo saa moja niliiona ni yangu ya halali, ingawa nilijua nimeiiba.

Mke mwenzangu mdogo kwa umri lakini si mjinga. Asubuhi moja alitukuta tukinywa chai, akaamkia vizuri, kisha akasema, "Bwana anakwenda kwa zamu, na tangi nalo liende kwa zamu. Litiwe magurudumu."

Nilicheka jino pembe, nikangoja mume wangu naye acheke. Hakucheka. "Si neno baya," akasema.

Siku ya pili akaletwa fundi, na fundi mwenyewe nani? Kaka yake mke mwenzangu, anayechomelea mikokoteni ya chumvi huko Gongoni. Nikajua nimeshikwa pabaya. Lakini kijana wa watu alikuwa mkweli. Alipima kwa futi, akachungulia chini, akasema magurudumu si tabu, chumvi mbichi anayoijua yeye ni nzito kuliko tangi hili. Tabu ni fremu, maana ikijipinda kidogo tu kioo kinapasuka. Tena kila likisukumwa lazima maji yapunguzwe nusu, yasije yakayumba yakalipindua. Na lazima sakafu itazamwe.

Hapo kwenye sakafu nikaparamia. Nikasema nyumba hii imeinama upande mmoja, nikiosha sakafu maji yote hukimbilia mlangoni kwa mwenzangu, na siku tangi litakapoondoka lenyewe likawaangukia watu, msinijie na kilio. Fundi akasema atatia breki. Nikasema kizingiti je? Akasema atalaza ubao. Nikasema samaki watashtuka wafe. Mume wangu akageuka akanitazama.

"Wewe samaki umeanza kuwapenda lini? Hujawalisha hata siku moja."

Nikatazama dari. Yeye akaona amalize ugomvi, akasema tangi liko kwangu, basi uamuzi ni wangu, nimpe jibu Ijumaa. Mke mwenzangu aliinama. Nilikuwa nimeshinda, nina uhakika hata fundi aliliona hilo usoni kwangu.

Jioni ile ilikuwa zamu ya mwenzangu. Bwana akapita kama kawaida, akavuta kiti. Nilikuwa na jambo la kumweleza. Mama yangu, aliyeko Sabaki, alikuwa ameanguka shambani, mguu umevimba, na nilikuwa nimelia mchana kutwa. Nikamweleza lote. Akasema, "Mm." Nikamwambia huenda nikaenda kumuuguza wiki nzima. Akasogeza uso kwenye kioo, akasema, "Huyu mweupe hajala tangu jana."

Nilibaki nimeshika kikombe. Alikuwa amenipa mgongo, na nikikumbuka vizuri, jioni zote hizo alikuwa amenipa mgongo, ila mimi nilikuwa nimetega sikio ukumbini nikisikiliza mtu mwingine anavyoumia. Kumbe nilichoiba hakikuwa na kitu ndani. Wivu wangu ukamwacha mke mwenzangu, ukageukia kioo. Wivu wa samaki, jamani. Nilitaka kuwakaanga.

Ijumaa nikasema, "Tieni magurudumu." Mke mwenzangu alinitazama akitafuta hila iko wapi. Na hila ilikuwapo. Nilitaka kujua kama mume wangu atakaa kwangu pasipo samaki.

Likatiwa. Maji yakapunguzwa, ubao ukalazwa, tangi likavuka ukumbi salama na kukaa kwa mwenzangu siku zake mbili. Zamu yangu ilipofika lilipaswa kurudi. Nikasema mgongo unaniuma, sina nguvu za kuchota maji, liacheni huko huko.

Magharibi akaja. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na kamba, nimevaa vizuri. Akala upesi upesi, akanawa, akasema, "Naja sasa hivi." Akavuka ukumbi na fulana yake. Nikasikia kiti kikivutwa. Nilikaa na vyombo mbele yangu, na machozi yakanitoka mbele ya bakuli la mchuzi.

Haukupita muda, mlango wangu ukabishwa. Alikuwa mke mwenzangu, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu jioni ya zamu yangu, wala mimi kwake.

"Bi Mkubwa, naomba nikae kwako," akasema. "Nimemsemesha mara tatu. Hajui hata kama nimo chumbani." Akafuta pua kwa ncha ya leso. "Na mimi siku zote nikikuonea wivu, nikidhani anakaa huku kwa ajili yako."

Nikamsogezea mto, akaketi. Nilimwonea huruma, siwezi kusema sikumwonea. Ila kabla ya huruma nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mno kwamba na ujana wake wote, naye hakutazamwa.