Mistari Kumi na Miwili ya Betri

Nilistaafu ualimu nikiwa na magoti mabovu, sauti iliyokauka na kiinua mgongo ambacho kila mtu wa ukoo alikuwa na mpango nacho isipokuwa mimi. Mmoja alitaka tufuge kuku. Mwingine alitaka tununue mtumbwi na nyavu kule Mugango. Mchungaji naye alinikumbusha, kwa upole mkubwa, kuhusu ukuta wa kanisa. Niliwasikiliza wote, kisha nikawaambia nitanunua gari. Wakacheka. Nikaongeza kwamba litakuwa gari la umeme, wakaacha kucheka na kuanza kunionea huruma.

Akili zangu zilikuwa timamu. Mama yangu anaishi Mwitongo, Butiama, na moyo wake umepanuka. Kila mwezi ni lazima aonwe na daktari, na daktari anayemtaka yuko Bunda. Hospitali za karibu zipo, lakini Mama hataki kuzisikia. Bunda ndiko anakofanyia kazi mdogo wangu, kitinda mimba wake, na Mama akitoka kwa daktari lazima apite kumtazama mwanawe. Mara ya mwisho alipokwenda kwa basi aliishiwa pumzi kabla ya kufika Kiabakari, wakamteremsha na kumlaza kwenye baraza la duka la watu wasiomjua. Nilipata habari hizo kwa simu nikiwa nyumbani Iringo, Musoma. Siku hiyo niliapa kwamba Mama hatapanda tena basi maadamu mimi ni mzima.

Petroli na pensheni ya mwalimu haviwezi kukaa nyumba moja. Umeme na pensheni, nilipiga hesabu, vinaweza. Nilifundisha sayansi zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo sikuogopa waya. Kilichonisumbua ni jambo moja tu: ninunue jipya au lililotumika?

Jipya lilikuwa la Kichina, linauzwa Dar es Salaam, dogo kama kabati la vyombo. Lakini betri yake ilikuwa na dhamana ya miaka kadhaa, kwa maandishi. Lililotumika lingetoka Japani, lina nafasi, Mama angenyoosha miguu yake iliyovimba, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Tatizo ni kwamba betri ya gari la umeme huchoka kama ya simu, na kwa nje huwezi kuona imechoka kiasi gani. Nilichora jedwali kwenye daftari, jipya upande huu, la zamani upande ule, nikajaza kwa kalamu ya bluu na nyekundu kama ninavyojua. Baada ya wiki mbili moyo wangu ulikuwa kwenye lile kabati la vyombo.

Ndipo mdogo wangu alipokuja.

Huyu si mdogo wangu wa tumbo moja tu. Baba alipofariki yeye alikuwa darasa la pili na mimi nimepangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi. Nilimchukua. Alilala kwenye nyumba yangu ya mwalimu, alikula ugali wangu, na mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kuwasha balbu ya tochi kwa waya na betri mbili. Aliipenda balbu ile mpaka akawa fundi wa umeme wa magari, fundi mzuri, anayeitwa kutoka Tarime mpaka Lamadi. Nilikuwa namtaja kwa watu bila kuulizwa.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, akalisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akalifunga.

"Dada, jipya ni la watu wa Dar," alisema. "Pale unanunuaga harufu ya plastiki tu. Niachie mimi, nitakutafutia lililotumika ambalo betri yake bado nzima."

Nikamwachia. Kwa mtu asiye wa kwetu hilo linahitaji maelezo. Sisi ni watu wa ng'ombe, hata tulio mjini. Huendi mnadani peke yako, unakwenda na mtu wako. Yeye ndiye anayefungua mdomo wa mnyama na kutazama meno, anavuta ngozi, anasukuma ubavu. Akitikisa kichwa kukubali, unalipa, na huulizi mara ya pili. Na kama mtu wako huyo ni damu yako, kumwita mwingine aje kuhakiki ni sawa na kumwita mwizi mbele za watu. Baba alinipeleka mnadani nikiwa msichana, akanionyesha ng'ombe mnene anayemeta, akaniambia nisimtamani. Alikuwa amelambishwa chumvi jana yake, akanywa maji mpaka tumbo likajaa, na baada ya siku mbili angebaki mifupa. Ni kwa ajili ya chumvi ile, Baba alisema, mtu hutembea na mtu wake.

Mwalimu mwenzangu wa zamani alinishauri nilipeleke gari kwa fundi mwingine kabla ya kulipa. Nilimkasirikia, na kwa wiki nzima sikumpigia simu. Leo namwomba radhi, ingawa yeye ameshasahau.

Mdogo wangu alisema amelipata kwa watu wa Mwanza, nikampa fedha, gari likaletwa mpaka Bunda likiwa juu ya lori la Fuso. Alisema hakutaka lipigwe vumbi kabla sijalikalia. Nikaona ni upendo. Lilikuwa jeupe, safi, na nilipobonyeza kitufe cha kuwasha likanisalimia Kijapani kwa sauti ya binti mwenye adabu. Kwenye kioo kidogo nyuma ya usukani, ubavuni mwa picha ya betri, palikuwa na mistari midogo iliyopangana. Mdogo wangu alinieleza kwamba mistari ile ndiyo uzima wa betri: ikiwa kumi na miwili, betri ni kama mpya.

"Hesabu mwenyewe, mwalimu," aliniambia.

Nikahesabu kwa sauti, na kidole juu ya kioo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa kumi na miwili.

Iringo ilifurahi pamoja nami kwa namna yake. Muuza duka jirani aliliita gari la simu, na kila nilipochomeka waya dirishani aliniuliza kama limeshapata asilimia za kutosha kupiga picha. Mbuzi hawakulisikia likija, wakawa wanashtuka likiwa limeshawafikia. Mimi nilijiona msichana. Mama, siku ya kwanza kulipanda, alishika kishikio cha juu kwa mikono miwili akauliza kama limeshawaka. Tulikuwa tumeshatoka Mwitongo na tunaikaribia Kiabakari. Nilicheka mpaka machozi.

Ratiba ya safari alinipangia mdogo wangu. Nitoke Musoma mchana, nichaji nyumbani kwa Mama, kesho yake twende Bunda, gari lichajiwe karakana kwake wakati Mama yuko kwa daktari, ndipo turudi. Nilimsifu kwa umakini. Sikujiuliza kwa nini gari lenye mistari yote kumi na miwili linahitaji kupumzishwa kila linapovuka wilaya. Mwalimu wa sayansi huyo. Ningempa mwanafunzi sifuri.

Wiki ya tatu mstari mmoja ulizimika. Nikampigia, akasema ni kawaida, betri inazoea mazingira. Kufikia kliniki ya pili ilibaki minane. Akasema ni milima. Milima gani, nikamuuliza, akasema basi ni namna ninavyokanyaga. Nikajifunza kukanyaga kama ninayekanyaga mayai. Kufikia kliniki ya tatu ilibaki sita, na bado nilimwamini, maana kumtilia shaka kungenilazimu kurudi nyuma na kuutilia shaka kila mwaka niliomlea.

Siku hiyo ya kliniki ya tatu tulikuwa tumeivuka Kiabakari, Bunda bado iko mbali, kwenye mpando mmoja mrefu usio na kivuli. Kwenye kioo kikatokea kipicha cha kobe. Sikujua maana yake, lakini gari lilinieleza lenyewe: likaanza kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha likasimama. Binti wa Kijapani akasema maneno mengi kwa adabu ile ile.

Jua lilikuwa la saa tano. Nilifungua milango yote minne. Mama alianza kuvuta pumzi fupi fupi, midomo ikabadilika rangi, na mimi nilimpepea kwa ncha ya khanga huku nikisimamisha kila kilichopita. Nilipiga kelele kwa lori, kwa pikipiki, kwa Mungu. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, hata wakati wa kujifungua. Pikapu iliyobeba magunia ya mbegu za pamba ndiyo iliyosimama, tukamweka Mama mbele kwa dereva na mimi nikapanda juu ya magunia. Hospitali walimlaza siku mbili. Daktari alisema tungechelewa kidogo zaidi angekuwa anazungumza nami mambo mengine.

Mdogo wangu alilivuta gari mpaka karakana kwake, akalichaji, akanirudishia. Alikuja wodini na juisi ya embe. Hakunitazama machoni, nami nikadhani ni uchungu wa mwana kwa mama yake.

Baada ya kumfikisha Mama kwake, nilirudi Musoma kwa kuvizia umeme njiani, nikichaji kwa muda wa saa tatu kwenye mgahawa mmoja na saa mbili kwenye mashine ya kusaga. Kesho yake nilifanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nililipeleka kwa fundi mwingine, mtu mzima, mpole, asiyenijua zaidi ya kuwa niliwahi kumfundisha mke wake. Alichomeka kifaa chini ya usukani, akasoma kwenye simu yake. Kisha akaniomba nikae.

Aliniambia betri ile haikufa mikononi mwangu. Ilishakufa zamani, imebaki chini ya nusu. Mtu alifuta kumbukumbu zake kwa kompyuta ili mistari yote iwake upya. Mistari hudanganya hivyo kwa muda, halafu gari linaanza kujipima lenyewe na kurudi kwenye ukweli, mstari mmoja mmoja. Nikamuuliza kama wale watu wa Mwanza waliouza gari ndio waliofanya hivyo.

"Sidhani, mwalimu," alisema. "Hiyo kazi inatakaga mashine yake. Ukanda huu mzima ninayemjua anayo ni mmoja, yuko Bunda pale. Ndiye alinifundisha na mimi."

Akanitajia jina. Alilitaja kwa heshima, kama mtu anavyomtaja mwalimu wake.

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka fundi akaniletea maji. Kisha nikampigia mdogo wangu. Nilimweleza nilichoambiwa, nikamsubiri akatae. Nilitamani akatae. Angesema fundi yule ni mwongo, ningemshika mkono, ningemshukuru. Nilisikia nyundo za karakana nyuma yake, halafu akasema, "Dada, betri ni betri tu," akakata simu.

Sikwenda Bunda. Nilikwenda kwa Mama. Nilitaka mtu wa kulia naye, na nilitaka kumshtaki mwanawe kwake, nasema ukweli. Nilitaka amlaani.

Nilimkuta uani anachambua ulezi kwenye ungo. Nyuma yake, nyumba ya mdogo wangu, ambayo kuta zake zilikaa mwaka mzima bila paa, ilikuwa imeezekwa mabati ya bluu yanayoumiza macho. Nilikuwa nimeyaona siku nyingi na kuyasifu. Sasa ndipo nilipoyaelewa. Niliketi kwenye kigoda nikamsimulia yote: mistari, kompyuta, fundi, simu iliyokatwa. Mikono yake haikusimama hata mara moja. Nilipomaliza alipuliza makapi, akaweka ungo chini.

Mama na mimi huzungumza Kizanaki. Kiswahili chake ni cha hospitali na cha mikutano ya kijiji, cha mambo yanayoandikwa. Alinijibu kwa Kiswahili.

"Nilikuwaga najua."

Nikadhani sikumwelewa. Akaendelea bila haraka. Gari lilikuwa la mdogo wangu mwenyewe. Alilinunua na mwenzake wa Mwanza lifanye teksi, likawashinda. Aliposikia nataka gari alikuja Mwitongo kumwuliza Mama kama aniuzie. Mama alimwambia aniuzie.

Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu niliisikia ikiwa ndogo, ya yule msichana wa mnadani.

"Wewe ulishaenda kwa watu," alisema. "Una nyumba yako, una pensheni. Huyu ndiye wa boma. Ndiye atanizika."

Kwetu ndivyo ilivyo, kitinda mimba hubaki na nyumba ya mama, na binti aliyeolewa huja kama mgeni na kuondoka na sahani yake ya chakula. Nilikuwa naijua desturi hiyo maisha yangu yote. Sikujua kwamba miaka yote ile ya ugali, ada na dawa ilihesabiwa kwa desturi hiyo hiyo.

"Na ungenifia barabarani je, Mama? Kwenye gari ulilojua ni bovu?"

Alinitazama, kwa mara ya kwanza siku ile, na usoni pake hapakuwa na aibu yoyote. Palikuwa na utulivu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Nilijua wewe hutaniacha barabarani."

Alichukua tena ungo wake. Alichambua kidogo, akaniuliza kliniki ijayo ni tarehe ngapi, na tutakwenda na nini. Nilikuwa na hasira ya kung'oa bati moja moja kwa mikono yangu. Niliinuka nikafika mpaka kwenye uzio, nikasimama hapo nimewapa mgongo yeye na mabati yake. Kisha nikarudi, nikafungua mkoba, nikatoa kadi yake ya kliniki, nikamsomea tarehe.