Kiganja cha Consolata

Consolata wa Maruku hakuvunjika mkono kwa jambo la heshima. Alipanda mti wa kahawa, ule mzee ambao ukoo wa mumewe hautaki ukatwe kwa kuwa ulipandwa na babu, akafuata tawi moja lenye matunda mekundu, na tawi likakatika. Mfupa wa mkono wa kulia ulivunjika kati ya bega na kiwiko. Kapu la kahawa halikumwagika. Mumewe, Alexander, alilitaja hilo kwa kila mgeni mpaka nikamwambia anyamaze. Mimi ni jirani yao, na mambo mengine hayavumiliki.

Hospitalini Bukoba mjini, daktari alimwambia ainue kiganja. Kiganja kilining'inia tu. Daktari akaeleza kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye mfupa ule umeumia. Mfupa angeutengeneza, lakini mshipa ungeamka wenyewe, pengine baada ya miezi, na pengine usiamke.

"Waitu daktari," Consolata aliuliza kwa adabu yetu ya Kihaya, "nitamenya ndizi?"

Mtu wa mbali angecheka. Kwetu ebitoke, ndizi zetu za kupika, visipomenywa hakuna aliyekula, hata kama watu wameshiba wali. Na Consolata alikuwa akimenya huku anasengenya watu, macho yakiwa kwangu, ganda likitoka jembamba. Mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kumsifia chochote, alimsifia kwa hilo.

Alipasuliwa sehemu mbili ndogo, moja karibu na bega, nyingine juu kidogo ya kiwiko. Bamba la chuma likapenyezwa chini ya nyama, daktari akiifuata njia yake kwenye picha ya eksirei, kisha likafungwa kwa skrubu. Aliporudi nyumbani, kaka yake Ildefons alikuja kutoka Muleba na mkungu wa ndizi na huruma nyingi. Akaona plasta mbili.

"Ni hivi tu?"

"Chuma kimo ndani," Consolata alisema.

"Kirefu?"

Consolata akampimia kwa mkono wa kushoto. Ildefons akatazama tena plasta, akamgeukia Alexander na kumwambia kuwa wametapeliwa. Ikabidi picha itolewe bahashani na kuinuliwa dirishani. Ildefons alizihesabu skrubu zote, akaridhika, akaomba chakula.

Chakula hicho alimenya Alexander. Kuanzia hapo alimenya yeye kila siku, mwanamume mzima ameketi jikoni na kisu, na nusu ya ndizi ilikwenda na ganda. Mbuzi wao alinenepa. Consolata aliketi kando yake, kiganja kimefungwa kwenye kibao cha kukishikilia, akijizuia kusema.

Mfupa uliunga. Daktari alifurahia picha mpya, akawaonyesha na wauguzi. Kiganja hakikufurahisha mtu. Kila jioni Consolata alikifungua, akakinyoosha kwa mkono wa pili kama alivyoelekezwa, akakiachia, nacho kikaanguka.

"Naogopa," aliniambia siku moja. "Nikiamka nakiangalia kwanza, ndipo nasali."

Kwa Consolata ninayemjua mimi, hilo lilikuwa baya kuliko kuvunjika. Niliondoka na hasira, nikawafokea watoto wangu bila kosa.

Kisha mchana mmoja nilikuwa jikoni kwao. Consolata alikuwa amevua kibao ili anawe. Alexander alichukua ndizi nzuri, ndefu, akaichonga mpaka ikabaki kipande cha kulishia mtoto.

"Baba Renatha, basi!" Consolata alimwambia mumewe, akanyoosha mkono wa kulia kumzuia.

Kiganja kikainuka. Kilitetemeka, lakini kilikuwa kimeinuka, na sote watatu tukakitazama. Alexander aliweka kisu chini, akafuta utomvu kwenye suruali, akakishika kile kiganja kwa mikono miwili. Consolata alilia waziwazi. Nami nililia, na sidhani kama ni lazima nieleze.

Alipomaliza kulia alidai kisu. Tulimwambia asubiri, akatutazama, Alexander akampa. Akamenya ndizi moja, polepole, jasho likimtoka puani, kisu kikimteleza. Ganda lilianguka sakafuni, nene kuliko yote aliyowahi kutoa Alexander.

Consolata alilitazama, akainamisha kichwa.

Alexander aliliokota, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akasema ni jembamba.