Elsie Nakhumicha na Maji ya Kwanza

Elsie Nakhumicha alikuwa ameinama juu ya karai, akisuuza sukuma wiki kwa maji yaliyokwisha kuosha mchele, jirani yake Hamda alipobisha hodi na birika tupu mkononi. Hapo Kitengela, mwaka 1996, ndipo waamini huanzia wanaposimulia maisha yake, ingawa chimbuko lake ni mbali.

Alizaliwa mwaka 1961 karibu na Webuye, nchi ya mito, ambako mtu humwaga maji bila kuyatazama. Mume wake, Wanjala, alipopata kazi ya ukarani, walipanga chumba Kitengela, na huko mfereji ulitoa maji mara moja kwa juma. Elsie alijifunza upesi. Maji ya mchele yaliosha mboga, ya mboga yakapiga deki, na ya deki yakanywesha mpera uliokuwa mlangoni. Kazi hiyo aliiita sala yake, kwa kuwa zile nyingine, alisema, humfanya asinzie katikati.

Siku hiyo alilijaza birika la Hamda kwa furaha, akichota karaini. Hamda, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa, alichungulia ndani.

"Mama Melvin, hii siwezi kutawadhia."

"Kwani iko na nini? Imeosha mboga tu, si miguu ya punda!"

"Imegeuka rangi. Maji ya kusimama mbele ya Mungu yawe safi, dadangu."

Elsie alicheka, kisha akayarudisha maji karaini. Alikuwa amempa jirani makombo akidhani ni sadaka. Tangu hapo, kila mtungi ulipofunguliwa, birika la Hamda lilijazwa kwanza, kabla ya mchele.

Kiangazi cha mwaka 2000 kilimjaribu. Mfereji ulikauka, mikokoteni ya punda ikaacha kuja. Kwake ulibaki mtungi mmoja, naye mwanawe Melvin alilala na homa, akiomba maji kila mara. Asubuhi moja Ardo, mama mzazi wa Hamda, alifariki. Ilipasa aoshwe kabla ya kuzikwa, na ploti nzima ya vyumba vya kupanga haikuwa na maji. Hamda hakuomba, aliketi tu mlangoni pake, birika miguuni. Elsie alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akamjazia jagi moja, kisha akabeba mtungi hadi kwa jirani.

"Na mtoto?" Hamda aliuliza.

"Mtoto yuko na jagi. Mama yako yuko na leo tu."

Alasiri ndugu wa marehemu walifika kutoka Kajiado na mapipa ya maji ya waombolezaji. Kabla hata chai haijapikwa, Hamda alimpelekea Melvin mtungi wa kwanza. Jagi lilikuwa limekwisha. Jioni homa ikashuka. Wengine huliita jambo hilo muujiza. Elsie aliliita ujirani.

Alifariki usingizini, Machi 2008. Anayetaka kumwiga aanzie jikoni kwake: kabla ya kutumia maji, amkumbuke jirani. Asubuhi ya kifo chake Hamda alikuta karai la maji ya mboga limefunikwa kando ya ufagio, na birika lake limejaa maji safi. Alitawadha, akasali. Kisha akapiga deki chumba cha rafiki yake, akaunywesha mpera nusu ya maji yaliyobaki, na nusu nyingine akaifunika, iwe ya kesho.