Injini ya Mzee Wiliam

Barnaba alikuwa anapiga rangi mabodi ya malori kwenye gereji moja hapa Tunduma, na akitoka huko anatengeneza vichwa vya treni vidogo kwa mabati ya madebe. Mimi ndiye niliyekuwa namtafutia wateja. Wengi walitaka cha kuweka juu ya kabati, rangi yoyote. Lakini Mzee Wiliam wa Isansa, dereva mstaafu wa treni, alitaka injini yake mwenyewe, ile aliyoanzia kazi, iwekwe mezani siku ya kusherehekea miaka yake themanini. Wastaafu wenzake wangekuwepo. Nikamwambia Barnaba, hao wakiipenda utapata oda za kukutosha kuacha gereji. Hilo ndilo alilokuwa analitaka: meza yake, mlango wake, asifokewe na mtu.

Rangi aliisaka. Kule kijijini Ruanda kulikuwa na familia yenye bati la injini ya aina ile, wanafunikia tangi la kuoshea kahawa. Juu lilikuwa limepauka. Barnaba akafungua nati iliyobaki, akaangalia pale jua lisipowahi kufika: kijani kilichokolea. Akachanganya, akapaka vipande vya bati, akavianika, maana rangi mbichi inadanganya. Akarudia na kurudia mpaka ukiviweka sambamba na lile bati huoni tofauti.

Tukampelekea mzee injini yake, imepakwa kijani kile. Akaigeuzageuza.

"Hii siyo. Yangu ilikuwa rangi ya udongo."

Akatuonyesha picha ukutani: yeye kijana, kasimama mbele ya injini. Kweli, kila kitu mle kilikuwa cha udongo, injini, nyasi, hata mbingu.

"Mzee, picha ndiyo imeharibika," Barnaba akasema. "Hebu ona nyasi."

"Unanifundisha? Nilikuwa juu yake wewe hujazaliwa! Au unasema niliendesha treni la mtu mwingine?"

Mkewe, Mama Ferista, akacheka. "Mpe anachotaka, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeshindwa."

Njiani Barnaba akasema haipaki upya. Nikamwuliza, "Anayelipa nani? Lile bati la Ruanda?"

Akapaka.

Siku ya sherehe, Mika, dereva mwenzake mzee, aliinyanyua ile injini mezani. "Wiliam, hii uliiendeshea wapi, kwenye matope? Zetu si zilikuwa kijani!" Wastaafu wote wakaangua kicheko.

Mzee Wiliam akawatazama, akaitazama injini. Uso ulimbadilika; nadhani pale ndipo alipokumbuka.

"Mafundi wa siku hizi," akasema. "Wanapaka tu bila kuuliza."

Barnaba alikuwa amesimama karibu na mlango na sahani yake ya wali. Huku kwetu humbishii mzee siku yake, mbele ya wakwe zake. Akanitazama mimi. Nami nafanya biashara ya mahindi na watoto wa mzee yule. Nikaendelea kula.

Haikuja oda hata moja. Juzi Barnaba aliniletea brashi zake nyembamba, zile za kuchorea mistari, anataka kuziuza. Nikamtajia bei ya kumchokoza, ili anitukane kidogo na yeye aipandishe, kama tunavyofanya siku zote.

"Sawa," akasema.

Nikazichukua.